Saratani imeondoka, maumivu yamebaki: umakinifu unaofundishwa kwa mtandao

Maumivu sugu ni maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa mtu aliyetibiwa saratani akapona, au ambaye ugonjwa wake umetulia, maumivu hayo mara nyingi hayatokani tena na uvimbe. Yanatokana na matibabu yenyewe yaliyomwokoa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Uholanzi ulikuta kwamba takriban asilimia 39 ya waliomaliza matibabu ya kuponya bado walikuwa na maumivu. Kwa miaka mingi watu hao hawakuwa na mahali pao kwenye vitabu vya hospitali, kwa kuwa saratani imekwisha na vipimo ni safi, hivyo lalamiko lao liliandikwa kama jambo la pembeni. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, ndilo lililoyapa maumivu sugu yanayohusiana na saratani na matibabu yake nafasi yake rasmi.

Sababu zake zinajulikana vizuri. Upasuaji wa titi unaofika kwapani unaweza kujeruhi mshipa wa fahamu unaohudumia upande wa ndani wa mkono wa juu, na mwanamke akabaki na ganzi iliyochanganyika na moto kifuani na mkononi muda mrefu baada ya kovu kufunga. Mionzi hukakamaza misuli na ngozi, na madhara yake huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi huyajua maumivu ya nyonga na ya tumbo la chini yanayokuja kwa njia hiyo. Vidonge vya kupunguza homoni ambavyo mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi huvimeza kwa miaka mitano au zaidi, kama anastrozoli na letrozoli, huleta maumivu ya viungo, hasa asubuhi. Halafu zipo dawa za dripu, yaani kemo. Paklitakseli, sisplatini, oksaliplatini na vinkristini huharibu ncha za mishipa ya fahamu, zikianzia kwenye vidole vya miguu na mikono. Mgonjwa husema anakanyaga changarawe wakati yuko sakafuni, au hashiki kifungo cha shati. Mapitio ya mwaka 2014 yaliyokusanya wagonjwa zaidi ya 4,000 yalionyesha kuwa asilimia 68 walikuwa na tatizo hilo mwezi mmoja baada ya dripu ya mwisho, na asilimia 30 bado walikuwa nalo baada ya miezi sita au zaidi.

Dawa za kutuliza zipo, ila kwa maumivu ya aina hii hazifiki mbali. Kwa yale yanayoletwa na uharibifu wa mishipa ya fahamu kutokana na dripu, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kinapendekeza dawa moja tu, duloksetini, na faida yake ni ya wastani. Gabapentini na amitriptilini hutumika sana, na huacha usingizi na kizunguzungu. Mofini ina kazi kubwa pale ugonjwa ulipoenea, lakini kwa mtu wa miaka 45 aliyepona na anayetarajia kuishi miaka mingine 30, kuimeza kila siku ni jambo ambalo madaktari hulifikiria mara mbili. Pengo hilo ndilo lililofungua mlango kwa mafunzo ya akili na mwili, na miongoni mwake mafunzo ya umakinifu.

Umakinifu, kwa maana inayotumika hapa, ni kuelekeza fikra kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, ndani ya mwili na nje yake, bila kukihukumu kuwa kizuri au kibaya. Mizizi yake iko katika Ubuddha. Sura yake ya hospitali ilianza mwaka 1979 katika Chuo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Aliyeianzisha, Jon Kabat-Zinn, hakuwa daktari. Alisomea biolojia ya molekuli. Aliwaomba madaktari wa hospitali hiyo wampelekee wagonjwa ambao tiba ya kawaida ilikuwa imeshindwa kuwasaidia, na wengi wao walikuwa watu wa maumivu sugu. Ripoti yake ya kwanza ya kitaalamu, ya mwaka 1982, ilihusu watu 51 wa aina hiyo. Yapo mazoea ya kuyaona mafunzo haya kama burudani ya watu wenye nafasi, wenye mikeka ya yoga na mishumaa yenye harufu nzuri. Historia inasema vingine: wanafunzi wa kwanza walikuwa watu wenye migongo iliyoharibika.

Mpango alioujenga bado ndio kipimo cha mingine yote. Huchukua wiki nane, na kila wiki kundi hukutana mara moja kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Katikati huwekwa siku moja ndefu ya ukimya. Kazi ya nyumbani ndiyo nzito: dakika zipatazo 45 kila siku, kwa siku sita za juma. Anayejiandikisha akidhani atasikiliza hotuba ya kutia moyo hujikuta amepewa zoezi.

Zoezi lenyewe linaweza kuonekana la kitoto. Darasa la kwanza huanza na zabibu kavu moja mkononi. Mwanafunzi huitazama, huinusa, huiweka ulimini bila kuitafuna, na hugundua kwamba maisha yake yote amekuwa akizila kwa mafungu bila kuionja hata moja. Baada ya hapo hufuata zoezi kubwa la wiki za mwanzo, la kuupitia mwili. Mtu hulala chali, sauti ya mwalimu ikamwongoza kutoka vidole vya mguu wa kushoto kwenda kisigino, goti, paja, nyonga, hadi utosini. Kwenye kila kituo swali ni moja: kuna nini hapa sasa? Joto, baridi, mwasho, mguso wa nguo, au hakuna kitu. Wiki zinazofuata huongeza kukaa kimya ukifuatilia pumzi, kutembea polepole, na kunyoosha viungo kwa upole.

Mwenye maumivu huombwa afanye jambo ambalo kwa miezi au miaka amekuwa akilikimbia, yaani kuyatazama. Hapelekwi katikati ya moto. Huelekezwa pembezoni mwake. Maumivu yanaanzia wapi na yanakoma wapi? Yanawaka, yanavuta, yanachoma kama sindano, au yanapiga kama mapigo ya moyo? Yanabadilika au yamesimama? Yakizidi, anaruhusiwa kuondoka, akaipeleka fikra yake kwenye mkono usiouma au kwenye sauti za nje, kisha akarudi. Wengi hugundua kwamba kile walichokiita kwa jina moja ni mambo matatu. Kuna hisia ya mwilini. Kuna misuli iliyojikaza kuizunguka, pamoja na taya na mabega. Na kuna hadithi ambayo akili inaisimulia juu yake.

Kwa aliyepona saratani, hadithi hiyo ina ukali wa kipekee. Maumivu ya mgongo ya fundi ujenzi ni maumivu ya mgongo. Kwa aliyepona saratani kila kichomi ni swali: ugonjwa umerudi? Ubongo unaoogopa hulipeleleza eneo lile usiku na mchana, na kadiri unavyolipeleleza ndivyo unavyozidisha sauti ya kila ishara inayotoka huko. Usingizi hukatika, na mwili usiolala huumia zaidi. Siku ikitokea nafuu, mtu hufua nguo zote, hufagia uwanja, huenda sokoni, kisha hulala kitandani siku mbili. Mazoezi ya umakinifu hayaponyi mshipa wa fahamu uliokatwa. Yanachogusa ni huo mzunguko wa hofu, kukakamaa, kukosa usingizi na kujichosha uliojengeka juu ya mshipa ule.

Maabara imeonyesha kwamba hilo si maneno matupu. Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake, huko North Carolina, waliwafundisha watu 15 wenye afya njema zoezi la kufuatilia pumzi kwa siku nne, dakika 20 kila siku, kisha wakawagusisha kifaa chenye joto la nyuzi 49 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Ukali wa maumivu waliouripoti ulishuka kwa asilimia 40, na karaha yake kwa asilimia 57. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni ya kuzingatiwa, kwa sababu kinachopungua zaidi ni karaha. Mwaka 2016 timu hiyohiyo iliwapa washiriki wengine naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini na ya vitulizo vinavyotengenezwa na mwili wenyewe. Nafuu iliyotokana na umakinifu haikuondoka. Washiriki hao ni watu wazima wenye afya, joto lenyewe ni la dakika chache, na umbali kutoka hapo hadi kwa mtu aliyeumwa miaka sita ni mkubwa. Lakini majaribio hayo yanaonyesha kwamba njia inayotumika ni tofauti na ile ya dawa za kundi la mofini.

Toleo la wagonjwa wa saratani lilizaliwa Calgary, jimbo la Alberta, Kanada. Wanasaikolojia Michael Speca na Linda Carlson waliubadili mpango wa Worcester ukaendana na watu waliopitia kemo na mionzi, na mwaka 2000 walichapisha jaribio la wagonjwa 90 ambamo waliofundishwa walionyesha kupungua kwa msukosuko wa hisia kwa asilimia 65. Alberta ni jimbo pana. Anayeishi kwenye mji mdogo wa kaskazini hawezi kuendesha gari mamia ya kilomita kwenye theluji kila wiki ili akakae kimya chumbani na watu 12. Hivyo mwaka 2014 timu hiyo ilitoa matokeo ya jaribio la watu 62 waliofundishwa kwa mtandao, wakionana na mwalimu na wenzao kwenye skrini kwa saa mbili kila wiki. Nafuu ya hisia na ya msongo ilipatikana, ikifuata mwelekeo uleule wa madarasa ya ana kwa ana.

Uholanzi ilienda mbali zaidi. Katika jaribio lililoongozwa kutoka Nijmegen na kuchapishwa mwaka 2018, wagonjwa 245 wa saratani waligawanywa mafungu matatu: la darasa la kawaida, la huduma za kawaida bila mafunzo, na la mtandaoni ambamo kila mtu alijifunza peke yake kwa wakati wake huku mwalimu akimwandikia kila wiki kuhusu maendeleo yake. Mafungu yote mawili yaliyofundishwa yalipunguza msongo, hofu ya ugonjwa kurudi na tabia ya kuwaza jambo lilelile bila kukoma. Ubora wa maisha kwa upande wa mwili haukubadilika.

Matokeo hayo ya mwisho hayapaswi kufichwa nyuma ya yale mazuri. Utafiti uliolenga maumivu yenyewe ulifanyika Denmark, kwa wanawake 129 waliotibiwa saratani ya titi wakabaki na maumivu, na uliripotiwa mwaka 2016. Ukali wa maumivu ulipungua kwa kiasi cha kati, na matumizi ya dawa za kutuliza zinazonunuliwa bila cheti cha daktari yakashuka, lakini baadhi ya vipimo vingine vya maumivu havikusogea. Nao ulikuwa wa ana kwa ana. Mwongozo wa pamoja wa vyama viwili vya wataalamu wa saratani uliotolewa Marekani mwaka 2022 kuhusu maumivu ulipendekeza tiba ya sindano za Kichina kwa maumivu ya viungo yanayoletwa na vidonge vya homoni, na ukaona ushahidi wa njia nyingi za akili na mwili bado hautoshi. Mwaka uliofuata, vyama hivyohivyo vilipotoa mwongozo juu ya wasiwasi na sonona kwa watu wenye saratani, umakinifu uliwekwa mstari wa mbele. Kwa hiyo anayeuza programu ya simu kwa ahadi ya kufuta maumivu anauza kisichothibitishwa, na anayesema mafunzo haya yanasaidia kulala, kupunguza hofu na kurudi kwenye shughuli licha ya maumivu yuko karibu zaidi na ukweli.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote kuhusu njia ya mtandao na maumivu sugu haukutoka kwa wagonjwa wa saratani, bali kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani 811. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kundi moja lilikutana kwa video na kiongozi kwa wiki nane. La pili lilijifunza kila mtu kwa nafasi yake, likipigiwa simu chache za kuwasaidia. La tatu lilibaki na huduma za kawaida. Swali kuu lilikuwa ni kwa kiasi gani maumivu yanawazuia kufanya kazi, kutembea, kulala na kufurahi. Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalikuwa na hali nzuri zaidi ya lile la tatu katika kipindi cha mwaka mzima, ingawa kwa kiasi kidogo. Kipimo hicho kinafaa pia kwa manusura wa saratani. Mtu anaweza kuendelea kutaja maumivu ya sita kati ya kumi na bado akawa amerudi kuuza dukani kwake.

Darasa la mtandaoni lina adha zake ambazo vitabu vya Worcester havikuziwazia. Maelekezo ya kawaida humwambia mwanafunzi ahisi nyayo zake zinavyogusa sakafu, na aliyeharibiwa mishipa ya fahamu na paklitakseli hazihisi nyayo, au huhisi moto tu. Pumzi ndiyo nanga inayotumika zaidi, lakini aliyeondolewa sehemu ya pafu huiona pumzi yenyewe kuwa chanzo cha hofu. Sauti inayopita kifuani katika zoezi la kuupitia mwili humfikisha mwanamke kwenye kovu la titi ambalo pengine hajawahi kulitazama kwenye kioo. Mwalimu aliye chumbani huona bega likipanda au chozi likidondoka, akabadili maelekezo. Kwenye skrini yenye picha 12 ndogo, nusu yake kamera zimezimwa, haoni. Ndiyo maana mipango mizuri huzungumza na kila mshiriki kabla ya wiki ya kwanza, huuliza ni sehemu gani za mwili zenye shida, na humpa nanga nyingine: viganja, sauti za nje, au macho yaliyofunguliwa yakitazama kitu kimoja.

Adha nyingine ni utoro. Hata ana kwa ana, katika jaribio la mwaka 2016 la watu wenye maumivu ya mgongo huko Seattle, ni karibu nusu tu waliohudhuria angalau vipindi sita kati ya vinane. Programu za simu zisizo na binadamu nyuma yake hupoteza watu haraka zaidi. Nguvu ya mpango wa Nijmegen na ule wa wastaafu ilikuwa mtu anayeandika au kupiga simu kuuliza zoezi limeendaje. Gharama ya mtu huyo ndiyo ambayo wauzaji wa programu hupenda kuikwepa.

Kwa Afrika Mashariki hoja ya umbali ina uzito uleule wa Alberta, hata kama hakuna theluji. Tiba ya mionzi iko kwenye vituo vichache. Anayetibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam anaweza kuwa ametoka Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na akimaliza dozi hurudi kwao na kuonekana tena kliniki baada ya miezi. Simu huvuka umbali huo. Picha za video hula bando: kikao cha kundi cha saa moja chaweza kukaribia gigabaiti moja. Sauti hula kidogo mno. Zoezi la nusu saa lililorekodiwa kwa ubora wa chini halizidi megabaiti nane, hutumwa kwa WhatsApp mara moja na husikilizwa mara 50 bila bando lolote. Mwalimu anayezungumza Kiswahili, akarekodi mazoezi yake na kupiga simu ya dakika kumi kila wiki, angekuwa karibu na mpango uliofanya kazi kwa wastaafu wa Marekani kuliko programu ya kifahari ya Kiingereza.

Yapo mawili ambayo mpango wa aina hiyo ungekutana nayo mapema. La kwanza ni nafasi. Dakika 45 za ukimya katika nyumba ya vyumba viwili, yenye watoto na jirani anayebisha hodi, hazipatikani kirahisi, na mama mwenye nyumba akilala chali mchana huulizwa kama amezidiwa. Mipango mingi sasa hukubali dakika 10 hadi 20, pamoja na zoezi fupi la dakika tatu linaloweza kufanyika kwenye foleni ya maabara. La pili ni dini. Muislamu au Mkristo anayesikia neno Ubuddha anaweza kusita, na ana haki ya kuuliza. Mafunzo ya hospitali hayana sala, sanamu wala kiapo. Pia hayachukui nafasi ya sala ya mtu.

Si kila mtu anafaa kuanza peke yake mbele ya simu. Mwenye sonona kali, mwenye mawazo ya kujidhuru, au ambaye kumbukumbu za matibabu humvamia kwa nguvu anahitaji kwanza mtaalamu wa afya ya akili. Wapo wanaosikia wasiwasi ukipanda badala ya kushuka wanapofumba macho. Hao hushauriwa kufungua macho, kufupisha zoezi au kuacha. Dawa haziachwi kwa kuwa darasa limeanza. Anayepunguza kidonge hupunguza kwa makubaliano na daktari wake.

Tahadhari kubwa kuliko zote inahusu maumivu mapya. Darasa hufundisha kuyatazama maumivu bila hofu, na ujuzi huo ni kwa maumivu ambayo daktari ameshayachunguza na chanzo chake kinajulikana. Maumivu ya mifupa ambayo hayakuwapo, yanayozidi wiki hadi wiki au yanayomwamsha mtu usiku, pamoja na uvimbe mpya au kukonda bila sababu, hupelekwa kliniki kabla ya kupelekwa darasani. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za kukalia, au kushindwa kukojoa au kuzuia mkojo huweza kuashiria kwamba saratani inaubana uti wa mgongo, na mwenye dalili hizo anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo.